Bega la Enos na Ghala la Mahlon

Wooster, Ohio
Jumatatu, 8 Januari 2024

Kaka Enos,

Nilifika salama kutoka mazikoni. Mwambie Saloma chakula kilikuwa kitamu, hata kule kwenye meza yangu ya peke yangu, karibu na mlango wa jikoni. Miaka kumi na moja imepita tangu kanisa linitenge, na bado mnaniwekea meza ileile yenye mguu mfupi. Safari hii kuna mtu aliuwekea kijiti chini. Nadhani ni wewe. Asante.

Lakini siandiki kwa sababu ya meza. Naandika kwa sababu ya sepetu. Mlipokuwa mnalifukia kaburi la Mama, zamu yako ilipofika ulimpokeza jirani yako Mahlon sepetu, ukarudi nyuma, ukavua kofia kwa mkono wa kushoto. Wewe si mtu wa kushoto, Enos. Wengine wote walikuwa wameinamisha vichwa wakiomba. Mimi sikuinamisha, ndiyo maana niliona.

Nilipomuuliza Saloma pale karoni, alinijibu bila kugeuka: "Ni ile sindano ya pepopunda, wifi. Usiseme nimesema." Basi sijasema.

Sasa sikiliza. Jikoni kwenye nyumba ya wazee ninakopika nina mwenzangu, Denise. Alichanjwa chanjo ya mafua, sindano ikaingia juu mno, bega likaganda kama mlango wenye kutu. Alidai fidia, akaipata, akafanyiwa upasuaji, na leo anabeba masufuria makubwa kuliko mimi. Huko Washington kuna mahakama yenye kazi hiyo tu. Denise hana ugomvi na chanjo. Kila mwaka anachanjwa, ila sasa anamwonyesha muuguzi mahali kwa kidole.

Niambie mkono wako ukoje. Na usiniambie ni baridi.

Dada yako,
Drusilla


Kaunti ya Holmes
Jumamosi, 20 Januari 2024

Dada Drusilla,

Kijiti nilikiweka mimi. Meza ilikuwa inanikera.

Mkono hauna neno. Unapanda mpaka kwenye kifungo cha tatu cha shati, na mambo mengi ya binadamu yako chini ya kifungo cha tatu.

Kwa kuwa Saloma hakusema, nitasema mimi. Ghala la Mahlon lilipoungua, tulikwenda kusafisha majivu ili lijengwe jipya. Nikakanyaga msumari. Saloma akanifukuza niende kliniki. Muuguzi Brenda akaniambia nikunje mkono wa shati. Unayajua mashati yetu: yanabana kwenye kiwiko, hayakunjiki. Akasema basi vua. Mimi nivue shati mchana kweupe mbele ya mke wa mtu, kwa ajili ya msumari? Nikafungua vifungo viwili, nikauvuta ukosi kando mpaka begani. Akachoma palipoonekana. Palipoonekana palikuwa juu kabisa, penye mfupa. Nilisikia sindano ikigonga mahali ambapo sindano haina kazi.

Kwa hiyo kosa likitafutwa litaanza na aliyeshona shati, ambaye ni mke wangu. Kabla yake kuna askofu aliyeamua mikono ya mashati iwe myembamba, naye alishafariki. Tumshitaki nani? Brenda huniletea mayai ya bata kila Pasaka.

Na sisi hatuendi mahakamani. Hilo unalijua. Uliliahidi siku ya ubatizo ukiwa umepiga magoti, sakafu ileile niliyopiga mimi.

Ng'ombe wanazaa. Theluji ni ya kawaida.

Enos


Wooster
Jumatatu, 29 Januari 2024

Kaka Enos,

Kifungo cha tatu! Na nywele unachana kwa mkono gani? Na farasi unawatandikaje? Duke na Dolly si punda. Matandiko yale ni mzigo wa mtu mzima, nayo lazima yarushwe juu ya mgongo ulio juu ya kichwa chako. Hilo hukulieleza. Umeniandikia ng'ombe na theluji.

Nimekwenda kwa wakili wa Denise, Bi. Petrakis. Ni mwanamke mfupi mwenye miwani miwili, mmoja usoni na mwingine kichwani, na muda wote anautafuta huo wa pili. Nimemuuliza maswali yako kabla hujayauliza.

Brenda hashitakiwi. Kliniki haishitakiwi. Kila chanjo inayouzwa nchi hii inakatwa senti kidogo, zinaingia kwenye mfuko, na mfuko huo uko kwa ajili ya mabega kama lako. Wakili naye analipwa na mfuko, hagusi chako. Jambo moja tu: juu ya karatasi ni lazima pawe na jina la upande wa pili, na hilo ni la waziri wa afya. Ni jina tu. Waziri mwenyewe hatajua kama upo duniani.

Yanatakiwa mawili. Kwanza, maumivu yawe yalianza ndani ya siku mbili tangu sindano. Pili, yawe yalidumu zaidi ya nusu mwaka. La pili hatuhitaji kulitafuta. Lakini mlango unafungwa miaka mitatu baada ya maumivu kuanza. Wewe ulichomwa tarehe 11 Mei 2021, nimepiga simu kliniki kwa sauti ya kukuiga. (Natania. Saloma alinitajia.) Ikipita tarehe 11 Mei mwaka huu, hata ukatike mkono, hawatakusikiliza.

Naomba ruhusa yako tu, wakili asome maandishi ya kliniki. Fomu imo humu ndani. Imekuja kwa posta, si kwa mkono wangu, kwa hiyo kuishika si kupokea kitu mkononi mwa aliyetengwa.

Drusilla


Kaunti ya Holmes
Jumapili, 18 Februari 2024

Dada Drusilla,

Fomu nimeitia sahihi. Nimefikiri wiki mbili nikaona kusoma si kushitaki. Anayetaka kusoma habari za bega langu na asome.

Umeuliza farasi. Farasi wanatandikwa kila asubuhi.

Nilikwenda tena kwa fundi wa mifupa kule Charm. Alinivuta, akanisokota, akanipaka dawa yake ya majani, akaniambia linakuja. Amekuwa akiniambia linakuja tangu mwaka wa kwanza. Nimeanza kuamini kwamba linakuja kwa miguu kutoka Montana.

Daktari wa hospitali anasema ni kupasua. Utaniuliza kwa nini nisiende kwa shemasi niombe fedha za sanduku la kanisa. Sanduku lilijenga ghala la Mahlon, halafu likamtibu mtoto wake wa mwisho, yule wa moyo. Sasa limebaki mbao na kufuli. Sitasimama mbele ya watu waliotoa mpaka ndama wao kwa moyo wa mtoto, niwaambie mimi nina bega.

Kwa njia ya mbali nilimtajia Shemasi Levi huo mfuko wako, kama habari ya jirani. Akasema, "Kama ni sadaka, mbona ina mahakama?"  Wewe una jibu?

Enos


Wooster
Jumatatu, 11 Machi 2024

Kaka Enos,

Jibu ninalo, lakini kwanza nina shida.

Maandishi yamefika. Bi. Petrakis amenisomea huku amevaa miwani yote miwili. Ulikwenda kwa daktari mwezi Agosti, miezi mitatu baada ya sindano, na daktari akaandika hivi: mgonjwa ameumia bega katika ujenzi wa ghala. Sindano haikutajwa hata mara moja. Wakili anasema watu wa serikali watalisoma neno hilo moja na kufunga jalada: mtu alinyanyua mhimili, akateguka, anasingizia chanjo.

Enos, ulimwambia nini yule daktari?

Nikaona nitafute mashahidi. Siku ya ghala walikuwepo watu mia. Nikawaandikia wale ambao bado wananijibu. Wote wamejibu jambo moja: Enos siku ile alikuwa mgonjwa wa tumbo. Binamu Fannie anakumbuka mpaka mara ulizokimbilia chooni, na kumbukumbu yake naiona ina ukarimu kidogo. Hakuna hata mmoja aliyewahi kusikia habari ya bega. Mahlon mwenyewe, jirani yako wa ua kwa ua, ameniandikia: "Bega lipi?"

Tumbo lilitoka wapi? Imebaki miezi miwili, na shahidi tuliye naye ni choo cha Mahlon.

Drusilla


Kaunti ya Holmes
Jumanne, 19 Machi 2024

Dada Drusilla,

Daktari aliniuliza lini. Nikamwambia, wakati wa ghala la Mahlon. Ningesema nini kingine? Wewe mwenyewe ulizaliwa mwaka wa mafuriko ya kwa Yost, na mimi majira aliyokufa yule farasi kipofu wa Babu. Simjui mtu hapa anayehesabu kwa tarehe, isipokuwa mwenye maziwa. Ghala lilijengwa kesho yake ya sindano. Nilidhani nimempa siku. Kumbe yeye aliandika sababu.

Habari ya tumbo ni hii. Usiku wa sindano nililala nimekaa. Asubuhi nyundo haikupita kiunoni. Nilipofika, wanaume walikuwa wameshapanda juu ya kenchi, weusi kama kunguru, wanaitana: "Enos, huku! Enos, tuletee ile boriti!" Nilikuwa na miaka thelathini na minane. Nilikuwa mtu wa kuitwa kwenye kila paa. Ningesema nini, nimechomwa sindano? Nikashika tumbo. Tumbo halina maswali, watu wanakupisha tu. Wakanipeleka kwa wanawake nikamenye viazi, na mchana kutwa watoto walinicheka.

Baada ya hapo nikasubiri lipone niseme ukweli kwa kicheko. Halikupona. Ukweli unaosubiri sana unakuwa na aibu kuliko uongo wenyewe.

Basi tuache. Waziri amebaki na amani yake, na mimi nina mkono mwingine.

Enos


Wooster
Jumanne, 2 Aprili 2024

Kaka Enos,

Hatuachi. Nimekuona.

Jana nilikuwa kwenye lile duka la jibini la njia panda, lile la watalii, lenye sanamu ya farasi wa plastiki. Nanunua jibini. Ukutani pana kalenda ya mwaka huu, picha za maisha yenu ya utulivu, inauzwa kwa bei ambayo ningenunulia kuku wawili. Nikafunua nikiwa nacheka. Januari, theluji. Aprili, nguo kwenye kamba. Agosti, ghala la Mahlon.

Wanaume wako juu, wadogo kama nzi. Lakini chini, pembeni, pana meza ya wanawake, na katikati ya wanawake pana mwanaume mmoja wa kofia. Kiazi amekibana kwa magoti. Kisu kiko mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ameuning'iniza kwenye ukanda wa suruali, kama mtu aliyeazimwa mkono na anaogopa kuuharibu. Saloma yuko pembeni, hatazami kiazi, anamtazama begani. Kaka, mtu wa tumbo hamenyi viazi kwa mkono wa kushoto!

Kofia imeficha uso, lakini ukanda ni ule wa Baba, una mpasuko palepale. Nilisimama pale dukani nikalia juu ya jibini, mwenye duka akanipa kitambaa, akaniuliza kama nataka kalenda mbili.

Mpiga picha anaishi Canton. Anayo tarehe na saa. Bi. Petrakis anasema picha hii, na maneno ya mtu mmoja aliyekuona usiku ule wa kwanza, vinatosha kulijibu neno la daktari. Hakuna kuapa. Sheria inawaruhusu watu wetu kuthibitisha bila kiapo.

Najua kanisa linakataza kupigwa picha. Lakini wewe hukukaa upigwe. Dhambi ni ya aliyebofya.

Na jibu la shemasi: sadaka ina mahakama kwa sababu wako watu wanaosema tumbo.

Drusilla


Kaunti ya Holmes
Jumatano, 10 Aprili 2024

Drusilla,

Usiipeleke picha hiyo.

Huelewi, au umekaa nje mno. Kabla ya bega kila mwaka nilijenga, kila mwaka nilipaua, na jambo la pekee litakalobaki kwenye karatasi kuhusu mimi ni kwamba ghala lilipojengwa nilikuwa mezani na viazi. Sasa unataka likakae Washington kwenye kabati.

Jumapili ya tarehe 28 ni Ushirika. Nitaulizwa kama nina amani na watu wote. Siwezi kusema nina amani huku nimemshitaki mtu nisiyemjua, ambaye hajanikosea, ambaye hata uso wake sijauona. Nikisema uongo huo, nitakuwa nimesema wa pili juu ya bega moja.

Wewe ulichagua kutoka. Sitaki kukufuata kwa mlango wa bega.

Usiandike tena mpaka nikuandikie.

Enos


Kaunti ya Holmes
Jumatatu, 29 Aprili 2024

Wifi Drusilla,

Yeye hajui kama naandika. Anajua nimekwenda kwenye kibanda cha simu kumwita dereva wa kukodi.

Amekuambia farasi wanatandikwa kila asubuhi. Ni kweli. Mimi ndiye ninayewatandika, kabla watoto hawajaamka na kabla Mahlon hajafungua dirisha lake. Napanda juu ya ndoo. Halafu yeye anawatoa nje akiwa ameshika hatamu kwa kushoto, na Mahlon anampungia, naye anapunga kwa kofia. Tumefanya hivyo miaka miwili na nusu. Nina mimba, wifi, na ndoo inayumba.

Duke alimuuza Februari. Aliwaambia watu Duke ana kwato mbaya. Kwato za Duke ni nzuri kuliko za shemasi. Dolly ataingia mnada wa mwisho wa Mei, na bila Dolly hatuna jembe, na bila jembe hatuna shamba, tunalitunzia tu watakaolinunua.

Wiki iliyopita nilichelewa kutoka, tumbo lilinishika kweli, si kama la kwake. Akajaribu peke yake. Nilipofika, matandiko yalikuwa yamemwangukia, na yeye amelala chini ya Dolly, kwenye nyasi, macho wazi. Nikasema, "Enos, inuka, atakukanyaga." Akasema, "Anajua nilipo." Hakutaka kuinuka. Nikaweka chini ndoo na hofu, nikalala kando yake. Tulikaa hivyo mpaka mtoto wa pili alipoita maziwa. Sijawahi kumwona mume wangu hivyo, na sitaki kumwona tena hivyo.

Jana ilikuwa Ushirika. Zamu yake ilipofika kuulizwa kama ana amani na wote, alisimama, mkono wa kulia ukining'inia. Kisha akasema, "Hapana." Shemasi Levi akamwuliza, "Na nani, ndugu?" Akasema, "Na bega langu." Hakula mkate. Alitoka akakaa kwenye gari la farasi mpaka ibada ilipokwisha. Mahlon alikuja jioni kuuliza bega lipi. Hakufunguliwa.

Mimi ndiye niliyeshona lile shati. Nitathibitisha nilichokiona usiku ule: alilala amekaa, nikamfunga mkono kwa shuka. Kusema kweli si kushitaki. Kama ni kosa, nitalipigia magoti mwenyewe, nikiweza kuinuka.

Lete karatasi. Zake na zangu. Unajua hatuwezi kupokea mkononi mwako. Ziweke juu ya meza ya makopo ya maziwa, pale barabarani.

Wifi yako,
Saloma


Wooster
Alhamisi, 2 Mei 2024

Wifi Saloma,

Dereva atakupa barua hii leo mkononi, yeye hajatengwa na mtu.

Karatasi nitaziweka kesho saa nne asubuhi juu ya meza ya makopo, nimezikandamizia tofali. Nitaondoka kabla hamjatoka, ili asiyetaka kuniona asinione. Palipowekwa alama nyekundu ni pa Enos. Bluu ni pako. Picha sijaiambatanisha. Iko ndani ya bahasha ya peke yake, haijafungwa. Asipoitaka, aitoe achome. Lakini mwambie wakili anasema bila hiyo mlima ni mrefu.

Dereva atapita kuzichukua Jumatano ijayo. Zisipokuwepo juu ya meza, nitajua, na sitamsumbua tena maisha yangu yote. Hilo la mwisho usilisome kwa sauti, huenda likamshawishi vibaya.

Usipande ndoo. Tafuta gogo pana.

Drusilla


Wooster
Ijumaa, 10 Mei 2024

Kaka Enos,

Umeniambia nisiandike, kwa hiyo hii ni taarifa tu.

Jumatano dereva alileta bahasha mbili. Nilifungua ya picha kwanza. Ilikuwemo. Nyuma yake kulikuwa na maandishi yako, ya mkono wa kushoto, yameinama kama ua lililosukumwa na ng'ombe: "Huyu wa viazi ni mimi. Sikuwa na tumbo."

Bi. Petrakis aliisoma, akavua miwani yote.

Mahakama imepokea leo alasiri. Kesho mlango ungefungwa. Amenionya nisikupe matumaini ya haraka: serikali itajibu, watabishana, huenda ikachukua mwaka, huenda miwili, na wanaweza kukataa. Sikupi matumaini. Nakupa tarehe.

Drusilla


Kaunti ya Holmes
Jumanne, 28 Mei 2024

Dada Drusilla,

Sasa nakuandikia.

Jumapili baada ya ibada watoto na wageni walitolewa nje, nikaitwa mbele. Askofu wetu wa sasa aliuliza kama ni kweli nimepeleka shauri mahakamani. Nikasema ni kweli. Akauliza kama niko tayari kuliondoa. Nikasema nimejaribu kutaka kuliondoa, na siwezi, kwa sababu mke wangu anapanda ndoo. Hakuelewa. Ikabidi nieleze. Nikaeleza ndoo, na shuka, na Duke na kwato zake nzuri, na viazi. Nilieleza nimepiga magoti, nikitazama viatu vya watu. Kisha nikasikia Mahlon nyuma yangu akisema, si kwa sauti ya kanisani: "Miaka mitatu, we Enos! Mimi nimekaa ua wa pili, nakupungia kama mjinga!"

Askofu na wenzake walitoka kujadiliana, wakarudi. Nimetengwa wiki sita. Baada ya hapo nitapiga magoti tena na kuuliza kama wananipokea. Shauri hawakunilazimisha kuliondoa. Askofu alisema lishafika mahali ambapo farasi hawafiki. Saloma alionywa tu, kwa sababu ya hali yake, na kwa sababu mke wa askofu alikuwa anamtazama askofu.

Kwa hiyo nina meza yangu. Saloma ameniwekea ndogo ya kufulia, hatua moja kutoka kwenye yao. Mtoto wa pili ameuliza kama nimefanya fujo. Nikamwambia ndiyo. Akauliza kama viazi vyangu anaweza kula yeye.

Utaratibu wenyewe sikuwahi kuutazama kutoka upande huu. Hawaruhusiwi kupokea chochote kwangu, wala msaada wangu. Lakini wao kunisaidia mimi hakukatazwi. Jana asubuhi niliamka nikasikia minyororo. Mahlon na wanaume sita walikuwa shambani na farasi wao, wameshatandika, wanapanda mahindi yangu, hakuna aliyeniambia neno. Sikuruhusiwa kuwasaidia. Kwa bega nililonalo, adhabu hiyo ningeweza kuivumilia. Lakini nilisimama kwenye ua, Dru, na nilikuwa na hali mbaya kuliko siku ile chini ya Dolly aliyokuandikia Saloma. Miaka mitatu walikuwa hapo, na minyororo yao.

Dolly sijampeleka mnadani. Mkono haujapanda hata kifungo kimoja zaidi. Usiku bado nalala nimekaa. Huenda waziri atashinda, na hapo nitakuwa nimepoteza mkate wa Ushirika na bega pia. Nikifikiri hilo sana, natoka nje.

Sasa, jambo lililonifanya nichukue kalamu. Mimi siruhusiwi meza ya mtu yeyote. Wewe pia huruhusiwi. Nimetafuta popote palipoandikwa kwamba wawili wasioruhusiwa hawawezi kula pamoja, sijapaona. Nimemuuliza Shemasi Levi. Amesema atafikiri. Ni wazi bado anafikiri, kwa sababu ananikwepa barabarani.

Dereva amekubali kunileta Wooster Jumapili, Juni 2, kabla Levi hajamaliza kufikiri. Pika kuku na tambi, kama alivyopika Mama. Usiweke kitu juu ya meza kwanza ili nikichukue baadaye. Nimechoka na tofali na meza za makopo. Mkate unipe mkononi.

Mkono wa kushoto. Ule mwingine uko Washington.

Kaka yako,
Enos